Oda Ikizidi Karakana: Mwenye Kiwanda Kidogo na Mtandao Wake Jijini Dar es Salaam

Mwaka 2016, serikali ilipohimiza kila mwanafunzi apate dawati, karakana za chuma za Dar es Salaam zilijaa kazi. Mimi nilipata oda ya madawati 400, ya kukabidhiwa ndani ya wiki nne. Nilikuwa na mafundi watano, mashine mbili za kuchomelea na grenda moja iliyokwisha kuchoka. Nikapiga hesabu ya faida kabla ya kupiga hesabu ya siku, nikasaini.

Wiki ya pili ilipokwisha, madawati yaliyosimama uani hayakufika 100. Mafundi walikuwa wanalala karakanani, macho mekundu kwa mwanga wa kuchomelea. Hatua chache kutoka mlangoni kwangu palikuwa na karakana ya jirani mwenye mashine nne, ambaye kwa miaka mitatu tulisalimiana naye kwa kuinua mkono tu. Nilimhesabu kuwa mshindani wangu. Siku ya kumi na sita nikamwendea, nikamwambia, "Kaka, nimezidiwa."

Hakuuliza bei. Aliuliza, "Kipimo kipo?"

Akachukua dawati moja, akalipima kila upande, akakata vyuma na kuunda kiolezo: fremu nzito ambayo unapanga vipande vyote ndani yake kabla ya kuvichomelea, ili kila dawati litoke sawa na la kwanza hata kama fundi hajawahi kuliona hilo la kwanza. Tukatengeneza violezo vinne, tukavigawa kwenye karakana nne za mtaa ule. Oda ilikamilika siku tano baada ya tarehe. Mteja alinung'unika, lakini alipokea na alilipa.

Tangu siku ile nina neno moja kwa kila anayeniuliza namna ya kupata watu wa kufanya nao biashara: mtandao wa mtu anayetengeneza bidhaa hauanzi kwa mteja, unaanza kwa jirani. Vijana wanaita koneksheni, na wengi wanaitafuta mbali, kwa mkubwa fulani ofisini au kwenye ukumbi wa hoteli. Mimi nakushauri uanze kuitafuta mahali unapoweza kufika kwa miguu.

Jiji likikua, oda nazo hukua

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka kumi, zaidi ya watu milioni moja wameongezeka. Wote wanahitaji kitanda, mlango, sufuria, sabuni, unga na sare za watoto. Mwenye kiwanda kidogo akisikia hivyo hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini aangalie vizuri namna wateja wenyewe wanavyobadilika. Zamani mtu alikuja kuagiza kitanda kimoja cha binti yake anayeolewa. Leo anakuja mwenye hosteli anayetaka vitanda 60 kabla chuo hakijafunguliwa. Anakuja mwenye shule binafsi, mwenye mgahawa wenye matawi manne, au mkandarasi anayejenga nyumba za kupanga na kutaka milango yote siku moja. Karakana ya watu watano haiwezi kubeba oda hiyo, na mteja wa namna hii hasubiri. Ukishindwa, anavuka kwenda kununua bidhaa iliyoshushwa bandarini ndani ya kontena.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mhunzi, msemo huo unatosha. Katika jiji la watu zaidi ya milioni tano, chema kisichotembezwa kinaota kutu stoo. Na hakitembei chenyewe, kinatembezwa na watu.

Jirani kabla ya mteja

Ukifika Gerezani utasikia nyundo na grenda kabla hujaona karakana. Ukienda Keko, fremu za makochi na vitanda zimepangwa barabarani duka baada ya duka. Mgeni hujiuliza kwa nini watu wanaouza kitu kimoja wamekaa pamoja. Sababu ni kwamba mteja hafuati duka, anafuata mtaa. Anayetaka kochi anakwenda Keko kwa kuwa anajua akikosa kwa huyu atapata kwa yule. Kwa hiyo jirani yako, hata kabla hamjaongea neno, tayari anakuletea wateja. Kinachobaki ni kuongea.

Nikuonyeshe kwa mashine ya kusaga nafaka, ile ya nyundo. Bodi yake ni bamba la chuma lililokunjwa na kuchomelewa, na hiyo ni kazi yangu. Shafti inakerezwa na jirani mwenye mashine ya kukereza, kwa sababu ikipinda hata kidogo mashine itatetemeka mpaka beringi zife. Nyundo anazikata mwingine, kisha anazipima uzito moja moja, maana za upande mmoja zikizidi za upande wa pili mtetemo ni ule ule. Chekeche anaitoboa wa nne. Puli inatoka kwa watu wanaoyeyusha chuma chakavu na kukimimina. Mteja anaona mashine moja yenye rangi ya kijani, hajui kwamba imepita kwenye mikono mitano. Mikono hiyo mitano ndiyo kiwanda changu, ingawa ninalipa kodi ya pango la karakana moja tu.

Ukitaka kujenga mduara kama huo, fanya hivi. Kwanza, tenga siku mbili utembelee karakana kumi zinazokuzunguka. Usiende kuuza kitu. Salimia, kaa, tazama kazi, kisha ukirudi andika kwenye daftari nani ana mashine gani, nani ana mkono mzuri kwenye kitu gani, na nani anamaliza kazi kwa siku alizosema. Pili, mpe mtu kazi ndogo kabla hujamwamini na kubwa. Mpe shafti mbili, usianze na ishirini. Tatu, kabla vyuma havijakatwa, kubalianeni mambo manne: kipimo, bei, siku ya kukabidhi, na nani anabeba hasara kitu kikiharibika. Andikeni, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la shule, kila mmoja abaki na nakala. Kuandika hakuonyeshi kwamba hamwaminiani. Kunalinda urafiki, kwa sababu mwezi ukipita kila mtu anakumbuka yale yanayompendelea.

La nne ni kubwa kuliko yote: usimrukie mwenzako kwa mteja wake. Umefanya kazi kwenye oda aliyoileta yeye, mteja akaja pembeni na kukuomba namba ili wakati ujao mfanye kazi moja kwa moja. Mrudishe kwa aliyemleta. Faida utakayoikosa siku hiyo ni ndogo ukilinganisha na oda utakazoletewa mtaa ukijua kwamba kwako mteja wa mtu hapotei. Nimeona vikundi vizuri vya mafundi vikivunjika, na mara nyingi kilichovivunja ni namba ya simu iliyotolewa kwa siri, wala si ukosefu wa mtaji.

Anayekuuzia mali ghafi

Wengi wetu humwona muuza vyuma, muuza mbao au muuza vifungashio kama mtu wa kubishana naye bei tu. Huyo ni mtu mwenye mambo matatu unayoyahitaji: mzigo, mkopo na habari.

Mkopo wake ni rahisi kuliko wa benki, kwa sababu hadai hati ya nyumba. Anadai neno lako. Ndiyo maana neno hilo lilinde kuliko unavyolinda mashine. Ukikopa mabamba ukasema utalipa Ijumaa, mpelekee Alhamisi. Ikiwa pesa haijapatikana, usisubiri Ijumaa akupigie wewe usipokee. Nenda dukani kwake Jumatano, umtazame usoni, umpe kiasi ulichonacho na umwambie tarehe mpya. Mdeni anayekuja mwenyewe hukopeshwa tena. Anayezima simu, habari zake husambaa duka kwa duka kabla ya adhuhuri.

Habari ndiyo zawadi yake iliyojificha. Muuza mbao anajua nani jijini amepata kazi kubwa, kwa sababu kwake ndiko anakonunua. Anajua bei inapanda lini. Kunywa naye chai, muulize kazi zinakwendaje. Oda yangu ya kwanza ya mageti ya nyumba za kupanga niliipata kwa sababu muuza vyuma alimwambia mkandarasi, "Yule halali na deni langu."

Na hapa jirani anarudi tena. Karakana nne zikinunua kwa pamoja, zinapata bei ya jumla ambayo moja peke yake haiifikii, na gharama ya kirikuu cha kubeba mzigo inagawanywa mara nne. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mali kauli na adabu yake

Ukitengeneza bidhaa za kuuza madukani, kama sabuni, viatu, majiko au siagi ya karanga, lazima utakutana na mali kauli: unampa mwenye duka mzigo, anauza, ndipo anakulipa. Kariakoo inaendeshwa sana kwa kauli, na wafanyabiashara wake huuza mpaka Zambia, Malawi, Komoro na Congo. Ukipata wakala mwaminifu pale, bidhaa yako itafika mahali ambapo wewe hujawahi kukanyaga. Ukimpata mbaya, mtaji wako wote utakaa kwenye rafu za mtu.

Kauli ina adabu yake. Anza na mzigo ambao ukipotea wote hutafunga kiwanda. Weka kitabu chenye nakala mbili, kila mzigo usainiwe. Pita kila wiki, hesabu kilichobaki kwa macho yako, chukua pesa ya kilichouzwa. Usiongeze mzigo mpya juu ya deni la zamani kwa kuona aibu, kwani aibu hiyo imezika viwanda vingi vidogo. Na wewe pia uwe na adabu kwa wakala: mteja wa rejareja akija kiwandani, usimuuzie kwa bei unayompa mwenye duka. Ukifanya hivyo unamvunjia wakala duka, naye ataitoa bidhaa yako mbele na kuificha nyuma.

Kitu kingine nimejifunza kwenye mashine zangu. Zamani nilipaka rangi nzuri, nikauza, nikasahau. Siku hizi kila mashine inatoka na namba yangu ya simu iliyochorwa kwenye bodi, pamoja na seti moja ya nyundo za akiba. Mwanamke mmoja alinipigia kutoka Sumbawanga. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya kusaga mahindi, akaisoma namba huku akingoja zamu yake. Alitaka kujua mashine kama ile ni kiasi gani. Sikuwa na mtu Sumbawanga hata mmoja, lakini mashine niliyomuuzia mtu mwingine miaka miwili kabla ndiyo ilikuwa wakala wangu. Kama ingekuwa mbovu, mama yule angeisoma namba ile ile na kuwaonya wenzake.

Ofisi zitafutwe kabla ya shida

Wenye viwanda vidogo wengi hukimbia ofisi mpaka siku mteja mkubwa anapodai karatasi. Siku hiyo huwa umechelewa. Zijue mapema, na uwajue watu wake kwa sura.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama sisi, na lina ofisi mikoani. Watu huenda pale kutafuta mkopo au mafunzo. Mimi nasema nenda pia kwa sababu ya watakaokaa kiti cha pembeni yako kwenye mafunzo hayo. Anayejifunza kufungasha unga wa lishe leo, kesho atahitaji mashine ya kuusaga. Kadhalika, barua ya utambulisho ya SIDO inamsaidia mjasiriamali mdogo wa chakula au sabuni anapokwenda Shirika la Viwango, TBS, kuomba alama ya ubora. Bila alama hiyo, milango ya maduka makubwa ni migumu kufunguka.

Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo, TCCIA, kilianzishwa mwaka 1988, na Shirikisho la Wenye Viwanda, CTI, mwaka 1991. Waulize kuhusu cheti cha uasili wa bidhaa, kile kinachothibitisha kwamba mzigo umetengenezwa Tanzania ili usitozwe ushuru kama wa kigeni ukivuka mpaka. Ukiwa na mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi za Afrika Mashariki, upo utaratibu rahisi zaidi wa kupata cheti pale pale mpakani. Mwambie hivyo mteja wako wa Kenya, Rwanda au Burundi, uone atakavyokuheshimu.

Zipo pia tenda za serikali. Tangu 2023 ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki unaoitwa NeST, na sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Tazama neno hilo, makundi. Fundi mmoja kijana mwenye karakana yake anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini fursa hii inamngoja ndani ya kikundi kilichosajiliwa. Wale majirani mliogawana shafti na chekeche, kama wengi wenu ni vijana au ni akina mama, tayari ni nusu ya kikundi. Nusu iliyobaki ni katiba, akaunti ya benki na uvumilivu wa kujaza fomu.

Sabasaba isiwe matembezi tu

Kila mwaka, kuanzia tarehe 28 Juni hadi 13 Julai, viwanja vya barabara ya Kilwa hufunguliwa kwa Maonesho ya Biashara ya Kimataifa, ambayo sote tunayaita Sabasaba. Watengenezaji wengi hulipia banda, hupanga bidhaa, kisha hukaa kwenye kiti wakichezea simu wakingoja wanunuzi. Jioni wanahesabu mauzo, wanaona hayakulipa banda, wanaapa hawarudi.

Sabasaba haihesabiwi kwa mauzo ya siku. Mnunuzi wa jumla haji siku ya sikukuu yenyewe, siku ambayo familia zimejaa na watoto wanataka aiskrimu. Anakuja asubuhi ya siku ya kazi, anatembea polepole, anageuza bidhaa kutazama mshono wa chini. Huyo msimamie. Kuwa na orodha ya bei ya jumla iliyochapwa, na daftari la kuandika jina lake, mji wake na anachotafuta. Asiyepata muda wa kuongea nawe, mwambie utampigia baada ya maonesho, kisha mpigie kweli. Banda ni ghali? Shirikianeni watatu: mwenye viatu, mwenye mikanda, mwenye mikoba. Na kama huna banda kabisa, lipa kiingilio, tembea uzungumze na wenye mabanda. Wao nao wanahitaji mtu wa kuwatengenezea kitu.

"Njoo kesho"

Kuna maneno mawili yanayobomoa kila nilichokieleza hapo juu, na kila mkazi wa jiji hili ameambiwa: njoo kesho. Fundi anajua kesho kitanda hakitakuwa tayari. Anasema tu ili mteja aondoke na ghadhabu yake. Mteja anapanda daladala mbili, anafika, anaambiwa tena njoo kesho. Siku ya tatu hamchukii fundi yule peke yake, anawachukia mafundi wote wa mtaa, na ndipo anapoamua kununua cha kontena.

Ahadi ni deni. Ukiona kazi itachelewa, mpigie mteja kabla hajapanda gari. Mtumie picha ya kazi ilipofikia, siku hizi simu ya kila fundi ina kamera. Mwambie ukweli na siku mpya unayoweza kuitimiza. Atakasirika saa moja, kisha atakusimulia kwa watu kama fundi wa ajabu, fundi anayesema ukweli.

Na usidhani mambo haya yanaishia kwenye kazi. Jijini kwetu watu hujuana msibani. Mfanyakazi wa jirani akifiwa, funga karakana nusu siku, peleka rambirambi, kaa kwenye mkeka na wenzako. Usiende kwa ajili ya biashara, nenda kwa sababu ni mtu mwenzako. Lakini ujue kwamba waliokaa nawe mkekani hawatakuacha uzidiwe kimya kimya, kama mimi nilivyojiacha kwa siku kumi na sita kwa kiburi changu.

Kile kiolezo cha madawati bado kinaning'inia ukutani kwangu, kimeshika kutu kwenye pembe. Mwaka jana kijana wa karakana ya jirani alikuja mbio asubuhi, vumbi la chuma bado limo kwenye nyusi zake. Wamepata oda ya vitanda vya hosteli, akasema, na bosi wake amezidiwa. Mafundi wangu walinitazama kuona nitajibu nini. Nikaweka chini kikombe cha chai, nikamuuliza, "Kipimo kipo?"